Mkono wa Mélissa kwenye Spika

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Miguu inauma. Mafuta hakuna tena mjini, mabasi hayaonekani, nimetembea kutoka nyumbani Buyenzi mpaka shule ya watoto viziwi. Nimekuja kuweka programu yetu ya lugha ya ishara kwenye mashine zao za zamani. Ofisini Rohero video zinacheza vizuri. Hapa dirisha jeusi, na sentensi moja: maktaba haikupatikana — yaani zile faili ambazo programu inaziazima ili icheze video. Mwalimu Concilie hakulalamika. Alisema tu wakaguzi wanakuja Ijumaa. Wakikuta mashine hazifanyi kazi, chumba watapewa wengine.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepata. Arnaud, mwenzangu wa ofisini, aliandika njia ya maktaba, yaani anwani ya folda yake, ndani ya programu yenyewe — na ni folda ya kompyuta yake. Java, lugha tuliyoandikia programu, inatafuta hapa kitu kilichoko Rohero. Nimempigia simu. Eti alifikiri nitabadilisha. Nimeihamishia kwenye faili ya mipangilio. Umeme ukakatika kabla sijajaribu.

Jumatano, 6 Novemba
Picha imetokea! Mikono ya Concilie, tuliyemrekodi kwenye video, iko kwenye kioo ikiashiria: maji, mvua, ziwa. Watoto wakaiga. Lakini kimya kabisa. Maktaba za sauti zina folda yao, zinataka njia yao. Arnaud kasema niachane nayo, nani atasikia? Nikakubali. Nilitaka kulala tu.

Alhamisi, 7 Novemba
Mélissa wa darasa la sita aliweka kiganja kwenye spika. Akangoja. Akabadilisha mkono. Akamwonyesha Concilie kitu kwa vidole.
"Anasema nini?"
"Anauliza kwa nini imekufa. Ngoma wanaisikia kwa mikono, dada Houda. Sauti ya video pia. Sikukuambia?"
"Apana, mwalimu."
Wala mi sikuuliza. Miezi yote hii nawatengenezea kitu, sikuwahi kuwauliza.

Nikaandika njia ya pili, ya maktaba za sauti. Nimekosea mahali — sasa hata picha imepotea.

Concilie amekuja nyuma yangu, ameongea polepole. Kesho wageni. Nirudishe faili ya jana, yenye picha tu, inatosha.

Anasema kweli. Nimechoka, na ile ya jana iko hapa, kubonyeza tu. Naandika haya mashine ikiwaka upya. Mélissa hajaondoa mkono. Ananitazama mimi, haangalii kioo.

Nimefungua faili ya leo. Nasoma ile njia tena, herufi kwa herufi. Concilie amevuta kiti, amekaa kando yangu.