Visima vya Sehemu ya Pili

Shikamoo Mama. Yasinta, msomee.

Alfajiri dereva wa lori tusiyemjua alibisha hodi, akanipa kaseti ya gemu ambayo Raphael aliiagiza Dar kabla hajalazwa. Ndiyo sehemu ya pili aliyoisubiri miaka yote.

Uji wa uwele uko kwenye chupa ya chai. Maji yametoka, nimejaza pipa. Yasinta, usifulie yote!

Nimeijaribu kidogo. Mnakumbuka ile ya kwanza, mimi na Raphael tukichimba visima hadi kila kijiji kinywe? Sasa mchimbaji wetu yuleyule anavifunga kwa kufuli na kuuza maji. Asiye na hela anakufa, na mchezaji anaongezewa pointi. Msomi mzima nimelia. Cheka tu, Yasinta.

~~Raphael akiwauliza, mwambieni ni nzuri sana.~~

Hapana. Tangu daktari aseme dawa zimeshindwa, sote tunamwambia anapona. Jana alinishika mkono: "Dada, wewe angalau usinidanganye." Nikamwahidi.

Ataanza kuulizia gemu, kisha atauliza hali yake. Mama, ulitukataza kumwambia, nisamehe. Nimekwenda wodini kumjibu yote mawili.

Mwanao,
Anjelina