Kilomita Sitini Kutoka Geita

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza kuongea nawe bila salamu ungesema mji umeniharibu.

Unakumbuka nilipokuwa bweni, kidato cha pili? Shule ikifungwa nilishuka basi barabarani, nikaanza kutembea na sanduku kichwani. Hukuwahi kunisubiri nyumbani. Ukisikia honi ya basi tu, ulipanda baiskeli kuja kunipokea, kama anavyopokewa mgeni kwetu, na tulizoea kukutana kwenye daraja la miti. Mwaka ule hesabu za mwendo zilinitoa jasho. Nikakuuliza kwa nini tunakutana karibu na barabara, si katikati. Ukacheka. "Ng'wana wane, mwanangu, baiskeli ina mbio kuliko miguu yako." Nilikaa juu ya sanduku nikaandika x, kwa mara ya kwanza nikiielewa: muda wetu ni mmoja, umbali tunagawana. Ndiyo maana leo nafundisha hesabu Geita. Sifa nilipewa mimi, wewe hukudai hata moja.

Halafu ikaja siku ya koboko. Ulikuwa unapalilia pamba. Mdogo wangu Masanja alinipigia simu, pikipiki ikinguruma tayari. "Dada, baba kaumwa na nyoka. Nimpakie tukutane njiani?" Nikamkatalia. Niliogopa mashimo yangekutikisa, sumu ikaenea. "Tulieni hapo hapo, nakuja na gari." Ukatii, wewe ambaye hukuzoea kumsubiri mtu. Saa nzima ya kuja, tukageuza. Ulikata roho mapajani pangu, zimebaki kilomita ishirini kufika hospitali ya Geita.

Baada ya mazishi nilirudi darasani. Mada ilikuwa ile ile. Niliandika namba za kwanza zilizonijia: kilomita sitini, gari linakwenda sitini kwa saa, pikipiki thelathini, zinaelekeana uso kwa uso. 60x + 30x = 60. Wakapata dakika arobaini. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Madamu, na pikipiki ikibaki imesimama?"

"Itakuwa saa nzima," nikamjibu, na chaki ikanishinda. Arobaini kwenda, arobaini kurudi. Ungekuwa umefika hospitali dakika ishirini kabla ya ile uliyokata roho. Niliwapa zoezi, nikaenda kulia nyuma ya vyoo vya walimu.

Labda hata dawa isingekuokoa. Labda. Mama anasema siku yako ilikuwa imefika, na wanaokuja kutupa pole wanamwitikia. Mimi nashindwa. Nimekukosea, baba, na moyo unaniuma kwa sababu hakuna aliyenilaumu. Naomba radhi kwa mtu asiyeweza tena kunipa.

Masanja hajawahi kunikumbusha kwamba aliniuliza. Nikimpigia simu ananiuliza kama nimekula, kama nalala vizuri, na mimi namwambia ndiyo. Aliishia darasa la saba, baba, na ndiye aliyekuwa na jibu.

Naishia hapa, machozi hayaniruhusu kuona ninachoandika. Ulale pema.

Binti yako,
Kabula