Karatasi ya Dirishani

Kinondoni Mkwajuni,
Dar es Salaam.
Jumapili, 7 Septemba 1997.

Kwako rafiki yangu Shomari,

Salamu nyingi zikufikie huko Tukuyu, wewe, shemeji Najat na watoto wote. Natumaini mu wazima na baridi ya huko imeshawazoea, maana Mzaramo kushinda na sweta tangu asubuhi ni habari ya kuandikwa gazetini. Mimi kiafya sijambo. Malaria ilinipitia mwezi wa sita ikaniacha, na kikohozi ni kile kile unachokijua. Anwani yako nimepewa na binamu yako Talha baada ya kumwomba mara nne, kwa hiyo usimlaumu.

Nyumbani kwangu hapajabadilika. Tangu marehemu Sesilia atutoke, na wewe ndiye uliyelala matangani kwangu mpaka mtu wa mwisho alipoondoka, chumba cha pili kimebaki kufungwa. Drafti letu lipo pale pale barazani na vizibo vyake vya soda. Jumapili nikitoka kanisani nalicheza peke yangu, upande wako na upande wangu, na ajabu ni kwamba wewe bado unanifunga. Majirani wameshaacha kunishangaa. Miaka mitatu imepita tangu nduguzo wakutenge kwa kusema uliuza siri ya kesi yao, nami sijapata mtu mwingine wa kukalia kile kiti. Nina upweke, Shomari. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu hakuna anayenisikia.

Kazini nimepata cheo cha heshima. Mawakili wameunda kamati ndogo ya kuzipitia kanuni zetu za maadili, nami ni mmoja wa watu watano. Kanuni tulizonazo ziliandikwa enzi za taipureta na tarishi mwenye baiskeli. Siku hizi kila ofisi inataka faksi na kompyuta, wenye nazo wanatembea na simu za mkononi kubwa kama tofali, na makampuni yanaingia nchini na mawakili wao wanaokaa Ulaya, wanaoendesha kesi ya kiwanja cha hapa bila kuwahi kukanyaga mchanga wake. Mzee mmoja kwenye kamati alishikilia kwamba siri ni siri tu, ipite mdomoni au ipite kwenye waya, na hakuna haja ya kanuni mpya. Tulibishana naye wiki mbili nzima.

Mimi ndiye niliyemshinda. Nilisema wakili akipokea karatasi ambayo si yake airudishe bila kuitumia. Nilisema wakili akigundua siri ya mteja imevuja mikononi mwake, amwambie mteja siku hiyo hiyo, hata kama itamvunjia jina. Nikasema pia kila karatasi ya faksi itolewe fotokopi, kwa sababu ile karatasi yake laini haidumu. Ikipigwa na jua maandishi hufifia mpaka yakaisha. Mwenyekiti aliuliza nimeyajuaje hayo. Nikamjibu nimeyasoma kwenye jarida fulani. Wote wakasema mwenzao ana jicho la kuona mbali, na kanuni zangu zote tatu zikapita. Nilirudi nyumbani, sikuweza kula.

Najua hupendi kukumbushwa kesi ile, lakini nivumilie. Ulinileta mwenyewe kwa dada yako Bi Hamisa, ukamwambia mimi ni ndugu yako tangu JKT, Ruvu, na kwamba kiwanja chenu cha Mbezi Beach kitakuwa salama kwangu. Kampuni ya hoteli ilidai baba yenu alikuwa mpangaji tu. Aliyejua kweli ya mipaka alibaki mmoja, Mzee Marijani, naye alikuwa amelazwa. Tuliojua jinsi alivyokuwa mahututi tulikuwa watatu: dada yako, wewe na mimi. Tulikubaliana upande wa pili wasijue, kwa sababu wangeichelewesha kesi mpaka mzee afe.

Wakajua. Unakumbuka wakili wao alivyosimama mahakamani na sauti ya huruma, akasema amesikia shahidi wetu ni mgonjwa sana, akaomba kesi iahirishwe hadi apone. Ikaahirishwa mara tatu. Niliomba mzee asikilizwe kitandani. Tarehe ilipopangwa, tulikuwa tumeshamzika. Kiwanja kikaenda. Baada ya arobaini wajomba zako waliita kikao, wakasema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ni wewe, kwa kuwa ulikuwa umepata kazi ya kupeleka kokoto kwenye eneo la hoteli. Kuhusu mimi walisema wakili hasemi ovyo. Nilikuwepo kwenye mkeka ule. Niliinamisha kichwa.

Sasa nisikilize. Mwanzoni mwa kesi ile nilikwenda kwenye duka la faksi la Tabu, kwa kuwa ofisi yetu ilikuwa bado inasubiri laini ya simu. Nilikuwa na barua mbili. Moja ilikuwa ya kurasa mbili, ya mawakili wa kampuni, na haikuwa na siri yoyote. Nyingine ilikuwa ya ukurasa mmoja, ya wakili mwenzangu wa Nairobi aliyezoea kesi za makampuni ya nje. Humo nilimweleza kuwa shahidi wetu pekee hana siku nyingi na tukicheleweshwa tumekwisha, nikamwomba ushauri. Nilimkabidhi Tabu karatasi zote kwa mkupuo, nikageuka kubishana na watu habari za Simba na Yanga. Mashine ilipomaliza ilitoa kikaratasi chake cha kuthibitisha, nami nikakitia kwenye faili bila kukisoma.

Nilikisoma alasiri ya siku ile wakili wao aliposimama na huruma yake. Kilikuwa na namba ya ofisi yao, saa, na kurasa tatu. Tatu, Shomari, na mimi nilikuwa nimewaandikia mbili. Ukurasa wa Nairobi ulikwenda kwao pamoja na zile mbili. Ni mimi niliyeitoa siri, kwa mkono wangu, na nimelijua hilo tangu siku ile.

Baada ya kikao cha wajomba zako nilikichukua kile kikaratasi, nikakiweka dirishani sebuleni kwangu, upande unaopigwa na jua la mchana. Sikuwa na ujasiri wa kukichana. Nilitaka kiishe chenyewe, kana kwamba hakuna aliyekifanya kitu. Siku nne baadaye ukaja kuniaga. Ulikaa kwenye kiti cha dirishani, ukaniuliza kama hata mimi nakuona msaliti. Nikakujibu kuwa mimi ni wakili wa familia, maadili hayaniruhusu kusema lolote. Karatasi ilikuwa nyuma ya bega lako, na ile tatu bado ilisomeka. Ungegeuza shingo tu. Uliondoka hukumaliza chai. Ilichukua wiki tano kwisha, na nilikuwa naiangalia kila siku nikirudi kazini.

Hivyo ndivyo ninavyojua kuwa karatasi ya faksi hufifia.

Kanuni zilipopita nilishindwa kuendelea. Jumamosi ya tarehe 30 mwezi uliopita nilikwenda Tandika, kwenye chumba alichopanga dada yako tangu mtoke Mbezi. Nilimkuta anasuka ukili. Nikamwamkia, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka. Kisha akasema yeye si mtoto mdogo. Anaujua urafiki wetu, na ameona wazi kuwa nimekuja kukubebea mzigo wako. Akataka kuiona hiyo karatasi. Nikampa. Aliigeuza mbele na nyuma, akainyanyua kwenye mwanga wa mlangoni, akanirudishia, akasema mbona haina kitu. Nilimwapia. Akanihurumia, Shomari. Akanimiminia kahawa, akanikatia kashata, na aliponisindikiza hadi barabarani akasema laiti ndugu yake angekuwa na nusu ya utu wangu.

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma namna ile. Miaka mitatu nimeogopa kusema nisije nikadharauliwa, na siku niliyosema nikazidishiwa heshima, na wewe ukazidi kuchafuka.

Kwa hiyo Jumatatu nilipiga chapa kiapo chenye kila kitu, nikatia sahihi mbele ya hakimu, nikakipeleka kwa mwenyekiti wa kamati. Alikisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Aliniambia kwa upole kuwa nitaitwa kujieleza, na kwamba kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe haoni pa mimi kupenya. Nitasikilizwa Jumanne tarehe 30 mwezi huu, na nimeomba Bi Hamisa aalikwe. Labda akiniona navuliwa joho ataamini. Mtu hapotezi kazi yake yote kwa ajili ya uongo wa kumsafisha rafiki. Hilo hata wajomba zako watalielewa.

Sikuombi msamaha, maana sijui ningeuweka wapi. Nakuomba jambo moja tu: uje siku hiyo, ukae karibu na dada yako, ili nitakapolisema awe na wa kumgeukia. Usiponiangalia mimi, sawa.

Ndani ya bahasha nimeweka nakala ya kiapo. Nimeweka pia karatasi yenyewe. Ukiona haina kitu, usidhani nimekosea kuiweka, ndiyo hiyo.

Nisalimie shemeji Najat, na umwambie chai yake ya tangawizi sijaisahau. Wape watoto busu la baba yao mdogo, kama bado unawaruhusu kuniita hivyo. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi,
Venance

Ukiamua kunijibu, usiandike tena neno Wakili juu ya bahasha. Jina tu linatosha, barua itanifikia.