Jumamosi Bila Hoki

Jumamosi, 16 Oktoba

Leo ingekuwa mechi ya kwanza ya msimu wa hoki ya barafu. Nimevaa tai, nimepakwa poda, nimeketi kwenye kibanda changu cha utangazaji juu ya uwanja — na chini yangu giza tupu! Wenye timu wamefunga milango tangu mwezi uliopita. Wanataka mishahara iwekewe kikomo, wachezaji hawataki, basi makufuli. Badala ya mechi tumepewa nusu saa ya maongezi, kisha karata. Ndiyo, karata. Wanaume wenye miwani ya jua ndani ya nyumba, wanatazamana.

Kabla hatujaingia hewani, Lenore Strand, bosi wangu, kaniletea karatasi ya kusoma. Humo hamna neno kufungiwa. Kuna mgomo tu. Nikamwambia, Lenore, hawa hawajagoma, wamefungiwa nje. Akasema mgomo ni neno fupi na kila mtu analielewa. Halafu akasema wenye timu ndio wanaotuuzia haki ya kuonyesha mechi, na siku wakirudi watakumbuka nani alikuwa upande wao.

Nimesema mgomo. Mara ya kwanza nilijikwaa. Baadaye likawa linateleza lenyewe. Ulimi hauna mfupa, jamani.

Jumapili, 17 Oktoba

Baba kapiga simu. Nilijua atapiga. Hajawahi kukosa kipindi cha Jumamosi tangu tulipokuwa na televisheni ya kugongwa ubavuni ili picha itulie. Ameongea habari za theluji. Ameongea habari za mfereji wa paa uliojaa majani. Ameuliza kama gari langu limebadilishwa matairi. Kuhusu kipindi, kimya.

Na huyu ndiye aliyefungiwa nje ya kiwanda cha nyama mimi nikiwa na miaka kumi na minne. Majira mazima ya baridi alisimama langoni na wenzake, wanaota moto wa pipa, huku mabasi yakipita na watu waliochukua kazi zao. Redio ilikuwa ikisema mgomo, naye akiirushia buti. Mama akiokota buti. Mimi nilicheka wakati ule.

Heri angenitukana.

Jumapili, 24 Oktoba

Chakula cha mchana kwa Baba. Dada yangu Daria kapika kabichi za kuviringa, zilizojaa wali na nyama, na mwanawe Taras kazila kama mtu aliyetoka kifungoni. Taras ni mchezaji wa timu yetu. Si nyota. Kazi yake ni kujilaza mbele ya kisahani, kile cha mpira mgumu tunachokipiga kwa magongo, kinapokuja kama risasi, na kupigana na yeyote anayewaonea nyota wetu. Ana miaka thelathini na mitatu na magoti ya mzee wa themanini. Huu ndio mwaka wake wa mwisho kwenye mkataba. Msimu ukifutwa, hakuna atakayemwita tena. Analijua hilo, na bado wenzake walipomchagua kuwa mjumbe wa chama cha wachezaji, alikubali.

Alinichokoza tangu naingia. "Mjomba! Ati nimegoma?"

"Ni neno tu, Taras."

"Sawa. Mimi juzi nimekwenda uwanjani kuchukua viatu vyangu vya barafu. Ufunguo hauingii. Nikajiambia, kumbe nimegoma vikali mpaka kitasa kimebadilika!"

Daria alicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Baba alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, taratibu. Akasema bila kuniangalia, "Mgomaji hutoka mwenyewe. Aliyefungiwa hukuta kufuli. Hata mbwa anajua tofauti."

Kisha akanisogezea bakuli la viazi. "Kula, mwanangu. Umekonda."

Nilikula.

Ijumaa, 12 Novemba

Takwimu za watazamaji zimetoka. Karata zimetupita! Watu wengi zaidi wanatazama karata Jumamosi kuliko waliotazama hoki mwezi kama huu mwaka jana. Si kidogo, ni kwa mbali. Lenore kaagiza keki ofisini. Keki!

Nikamwambia watu watarudi hoki ikirudi. Akasema, "Orest, tuseme ukweli. Hoki ilikuwa inakufa kabla ya haya yote. Mechi nzima goli moja, watu wanashikana majezi kama walevi wanaosaidiana kuvuka barabara, na kisahani chenyewe hakionekani kwenye skrini. Hawa wamefunga macho ya maiti tu."

Kinachoniuma ni kwamba hakukosea. Mwaka jana niliwahi kupiga kelele "Ohooo!" kwenye mechi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nasinzia. Siku zote nilidhani nchi nzima itasimama tukizima taa. Nchi haikusimama. Nchi ilibadilisha chaneli, ikaenda kuchukua bia.

Jioni nimeingia duka la donati. Mama wa kaunta kanitazama, akapiga makofi. "Nakufahamu! Wewe si yule wa karata?" Kwa sababu tangu wiki mbili zilizopita Lenore ananiacha kwenye kipindi mpaka mwisho, natangaza karata. Miaka ishirini na miwili ya hoki, na mimi ni yule wa karata.

Nikamwambia ndiyo. Kanipa donati moja ya bure, nami nikaipokea.

Jumamosi, 11 Desemba

Niandike haraka.

Lenore aliamua tumlete mchezaji studio. Alimtaka Taras makusudi: mjomba na mpwa, damu moja, watu watatazama. Nilitakiwa kukataa. Nilisema tu, sijui kama atakubali. Alikubali. Alikuja na suti ile aliyovaa kwenye mazishi ya mama yangu, na nywele kazilowesha maji akazichana pembeni kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Alinikumbatia mbele ya watu wote. "Mjomba, leo uniulize maswali magumu. Nimejiandaa."

Nikaketi. Nikatazama skrini ndogo ya pembeni. Chini ya uso wake wameandika jina lake, na chini ya jina: MGOMAJI.

Yeye haioni skrini ile. Mimi naiona.

Tukaanza. Nikamuuliza magoti, nikamuuliza mazoezi. Anasema wanaamka alfajiri na kukodi uwanja wa barafu wa watoto wa shule. Anasema vijana wa timu wasio na majina makubwa wamerudi kubeba mbao na kuendesha malori. Anaongea vizuri, huyu mtoto. Ndipo Lenore, kupitia kisikizi kilichoko sikioni mwangu, akaniambia: muulize kwa nini wamewaacha mashabiki. Nikamuuliza. Mungu wangu, nikamuuliza, neno kwa neno.

Taras hakukasirika. Alinigeukia kabisa, akaacha kamera. Akasema, "Mjomba, wewe unatujua. Umekula nasi, umesafiri nasi. Waambie watu. Nani alifunga mlango?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni maneno mawili. Wenye timu. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Sikioni Lenore anasema hapana, hapana, hapana. Mbele yangu kamera, na ndani ya kamera ile, nilijua, Baba kaketi kwenye kiti chake na soksi zake za sufu.

Nikasema: "Tupumzike kwa matangazo ya biashara."

Na nikatabasamu! Ndilo linaloniua. Uso wangu ulitabasamu wenyewe kwa mazoea.

Taras alivua maikrofoni, akauviringa waya wake vizuri, akaiweka mezani. Kisha akanipa mkono. Ndivyo wachezaji wa hoki wanavyolelewa: mtapigana wiki mbili, mtavunjana meno, na mwisho wake mnapanga mstari na kushikana mikono, aliyefungwa na aliyefunga. Alinipa mkono kama wanavyompa mtu wa timu nyingine. Hakunitazama usoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 12 Desemba

Baba hakupiga simu.

Jumatatu, 20 Desemba

Bado hajapiga. Nikampigia Daria. Mwanzo hakutaka kusema. "Kaka, usinitie katikati." Nikambembeleza. Akasema Jumamosi ile ile, matangazo yalipoanza, Baba aliinuka, akazima televisheni, akachomoa waya ukutani. Kesho yake akatoa kile kitambaa cha mama kilichotariziwa, chenye uzi mwekundu na mweusi, kile cha mkate wa sikukuu, akaifunika nacho. Juu yake kaweka chungu cha maua. Daria alimuuliza imeharibika? Akasema, "Mimi ndiye niliyemaliza."

Watazamaji wote waliokimbilia karata hawakuniuma hivi. Huyu mmoja kaniuma. Huyu alikuwa akinisikiliza nikiwa mtoto natangaza mechi za kubuni, kijiko mdomoni kama maikrofoni, naye akisema kelele, basi, lakini hazimi taa.

Nimekwenda kwa Lenore. Nilikuwa nimejikaza kisabuni: leo namwambia, Jumamosi nitasema kufungiwa, ukitaka nifukuze. Nilifungua mdomo. Akasema, "Kaa, nina habari njema." Alikuwa na mkataba. Miaka mitatu, kutangaza karata, hoki irudi isirudi. Nina miaka hamsini na minne. Ni nani mwingine atakayeninunua na sauti hii?

Nimetia sahihi. Kalamu ilikuwa yake.

Niliyokwenda kuyasema sikuyasema. Nimetoka pale nikamshukuru. Nimemfungulia hata mlango.

Jumatano, 29 Desemba

Sijalala vizuri. Krismasi ya watu wengine imepita, yetu bado. Sisi Waukraine wa kaskazini mwa mji tunaifuata kalenda ya kale, kwetu Krismasi ni 7 Januari. Daria katuma ujumbe: Baba anauliza kama nitakuja Mkesha Mtakatifu. Sikujua kama ni mwaliko au ni swali. Nimejibu ndiyo. Kisha nimejuta. Kisha nimeogopa asije akasema usije.

Alhamisi, 6 Januari

Ndani ya gari, mbele ya nyumba ya Baba. Nje ni baridi ya kugandisha kope. Hita inafanya kazi. Naandika juu ya usukani.

Lenore kanipigia saa tisa mchana. Wenye timu wameamua. Msimu unafutwa. Watatangaza leo saa mbili usiku na anataka niwe studio kabla ya hapo, mimi ndiye nisome. Kanisomea mstari wa kwanza kwa simu: Msimu umeuawa na mgomo. Nikasema leo ni Mkesha Mtakatifu wetu. Akasema, "Kula haraka, basi."

Kwa hiyo najua. Taras hajui. Wachezaji hawajaambiwa.

Nimefika mapema, nyota ya kwanza bado, na kabla haijatoka hatuli. Kwa dirisha nikamwona Daria akitandaza nyasi kavu juu ya meza, kama desturi ya mkesha, na kitambaa juu ya nyasi, Baba akiweka mkate na mshumaa katikati yake. Nikahesabu viti, mpumbavu mimi, kama mtu anayehesabu vipande vya nyama jikoni kwa mwenzake. Baba. Daria na mumewe. Taras. Na kile kimoja tunachokiweka kila mwaka na sahani safi, cha marehemu na cha mgeni asiye na pa kula. Basi. Changu pale mkono wa kushoto wa Baba, nilipoketi miaka yote, hakipo. Wamesogeza viti vingine, nafasi imejaa.

Sikushuka. Nilijiambia nangoja nyota.

Nyota ikatoka juu ya bohari la jirani. Mlango ukafunguka, akaja Taras na shati tupu, anachechemea kwenye theluji, kagonga kioo. Nikashusha.

"Mjomba, nyota hiyo. Ingia."

"Taras, nimehesabu viti."

Akatazama viatu vyake. "Babu amesema kuna kiti."

"Kipi?"

"Cha mgeni." Kisha haraka haraka, "Usikasirike. Mimi nilisema nilete kingine kutoka chini, akakataa. Anasema hicho kinatosha."

Sikukasirika. Laiti ningekasirika! Nilihisi uso unawaka, mtu mzima, mvi kichwani. Ndipo akanitazama vizuri. Amecheza miaka mingi, anasoma nyuso.

"Mjomba. Wamefuta?"

"Bado," nikasema.

Bado! Ni kweli, kwa saa hii ni kweli. Saa mbili usiku haijafika. Mwoga daima ana neno la kweli mfukoni.

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesikia jibu lenyewe. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. "Haya," akasema. "Njoo ule kwanza. Lakini usikawie, Babu kasema hawashi mshumaa mpaka mgeni aketi."

Akarudi ndani.

Hapo ni kama robo saa iliyopita. Simu inawaka kitini, jina la Lenore, inazima, inawaka tena. Nikienda studio sasa nitafika. Nikiingia humo ndani itanibidi niketi kwenye sahani ya marehemu mama, nimtazame Taras, na nimwambie kabla dunia haijamwambia, halafu saa mbili ifike, nami siko hewani, na kesho sina karata wala hoki. Najua lipi ni sawa. Nimelijua tangu Oktoba. Kulijua hakujawahi kunisaidia kitu.

Dirisha bado ni giza. Taa wamezizima, na mshumaa hawajauwasha. Wako mle wanne kuizunguka meza, na leo ni siku ya kufunga, hakuna aliyetia kitu mdomoni tangu asubuhi. Baba ana miaka themanini na moja.

Wana njaa, na mimi naandika.