Nilimdanganya Daisy Kuhusu Timu Yetu ya Barafuni

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, na nikimaliza kueleza utajua kwa nini Alhamisi. Mimi ni muuguzi, Mkenya wa miaka thelathini na sita, huu ni mwaka wangu wa saba hapa Doha, na nikuambie ukweli maisha yangu ni mazuri, kazi naipenda, afya ninayo, na mwezi uliopita tulipata kitu tulichokihangaikia miaka mitatu, yaani timu ya wanawake ya hoki ya barafuni. Najua watu hucheka wakisikia tunacheza kwenye barafu katika nchi yenye joto kama hili, lakini uwanja upo, uko ndani ya mall na baridi yake ni ya kweli, na sisi tuko kumi na tisa, Wakenya, Watanzania, Wafilipino na Mganda mmoja.

Aliyeanzisha yote ni Daisy, ambaye sisi humwita Mama Chelsea kwa jina la bintiye. Ana miaka arobaini na nne, anafanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja ya West Bay, na ndiye aliyenifundisha kusimama juu ya vile viatu vyenye visu chini, nikianguka anacheka kwanza halafu ananiinua. Ni yeye aliyesikia kwamba katika ligi ndogo ya wanawake ya huku Ghuba timu ya mji mwingine imevunjika na nafasi yake iko wazi, akauliza mbona isihamie Doha, basi tukaandika barua, tukakataliwa, tukaandika tena, na siku zake za mapumziko zote ziliishia kwenye ofisi za watu akiomba saa za uwanja, hadi ligi ikakubali kutupa nafasi hiyo kwa msimu mmoja wa majaribio.

Sasa ligi inaruhusu wachezaji kumi na saba tu. Nahodha ni mimi, na mwalimu wetu aliniachia orodha kwa kuwa nawajua wenzangu. Mshauri, Daisy hawezi tena, goti lake halimruhusu kugeuka, na katika mechi ya kujipima tulifungwa mara nne, zote zikipitia upande wake. Nikawaacha wawili nje. Mmoja nilimwambia ukweli, akanuna siku mbili yakaisha. Lakini Daisy alipokuja kuniuliza, tena amebeba mandazi aliyonipikia kwa sababu alijua natoka kazini nimechoka, ulimi uliniteleza nikamwambia, "Mama Chelsea, ligi haitaki mchezaji aliyepita miaka arobaini."

Hakuna sheria kama hiyo. Niliitunga pale pale mlangoni.

Nilidhani atasikitika kidogo yaishe, kumbe alinikabidhi mandazi yangu, akasema, "Basi hiyo ni sheria mbaya, na sheria mbaya hupingwa." Tangu siku hiyo anazunguka na daftari akikusanya sahihi za watu wa kuipinga, Ijumaa iliyopita, maana huku hata Wakristo tunasali Ijumaa, baada ya ibada kanisani kule Mesaimeer alisimama mlangoni akimweleza kila anayetoka, wanakwaya wote wakatia sahihi, wenzake Waislamu kule hotelini nao wametia, hata meneja wake, amefikisha mia moja na kumi na mbili, na maofisa wa ligi wamempa miadi Alhamisi bila hata kumuuliza anakuja kwa jambo gani. Ameniomba nimsindikize kwa sababu anasema Kiingereza changu ni kizuri kuliko chake. Nikakubali.

Anayejua ukweli ni mmoja tu, kipa wetu Zuleikha, Mzanzibari, naye ananishauri nikae kimya, ati ligi watamwambia sheria haipo, kila mtu atadhani ni makosa ya karatasi, na mambo yatapita. Nashawishika, lakini kila nikikumbuka yale mandazi najiona mwizi. Nifanye nini nisimpoteze rafiki yangu, na timu isiaibike hata kabla ya mechi ya kwanza?

Milka, Fereej Bin Mahmoud, Doha

*

Dada Milka,

Pongezi kwanza. Kuleta timu katika mji ambao haukuwa nayo si kazi ndogo, na mmeifanya mkiwa na zamu za kazi mabegani.

Sasa nikuseme. Hukukosea kwenye orodha. Nahodha anayempanga rafiki yake huku wenzake wakifungwa hafai kuitwa nahodha. Ulikosea mlangoni. Unasema ulimi uliteleza, lakini ulimi hautelezi mpaka ukatunga sheria nzima ya ligi. Hukumkinga Daisy na uchungu, ulijikinga wewe na uso wake. Alikuwa na haki ya kukukasirikia, wewe ukamtuma akaikasirikie ofisi.

Ushauri wa Zuleikha achana nao. Mama huyu akifika mbele ya wakubwa na daftari lake, akaambiwa sheria anayoipinga haipo, nani ataonekana mjinga? Si wewe, na ndiyo maana njia hiyo inakuvutia.

Nenda kwake leo. Usimwandikie WhatsApp, wala usimvizie kanisani ambako atalazimika kutabasamu kwa ajili ya watu. Mwambie kwa maneno machache kwamba sheria haipo, kwamba uliitunga, na kwamba ulimwacha kwa sababu ya goti. Usilie, maana ukilia ataanza kukubembeleza, na leo si zamu yako kubembelezwa. Usimpe cheo cha kumpoza siku hiyo hiyo. Akikuambia utoke, toka. Kisha wewe, si yeye, uwapigie ligi mfute miadi, na Ijumaa usimame pale pale mlangoni pa kanisa uwaambie waliotia sahihi kwamba uliyewapotosha ni wewe.

*

Wasomaji, kwa kuwa Alhamisi ilikuwa karibu, jibu hilo nilimsomea Milka kwa simu. Alikwenda siku hiyo hiyo, akamkuta Daisy akipiga pasi sare yake ya kazi, akasema yote akiwa amesimama. Daisy hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mikono yote miwili ya shati.

"Goti langu nililijua kabla yako," akasema. "Nilikuwa nakungoja uniambie."

Halafu akamwomba aende zake.

Miadi ilifutwa. Ijumaa Milka alisimama kanisani akaeleza, wengine wakamkaripia, na mwanakwaya mmoja akakiri kwamba hakuwahi kujua ametia sahihi ya nini. Kwa wiki mbili Daisy hakupokea simu yake. Mechi ya kwanza walifungwa tano kwa mbili, na Milka anasema hata hivyo hajapata kuona wanawake waliofungwa wakitoka uwanjani na furaha kiasi kile, Zuleikha akiimba mpaka mlangoni. Daisy alikuja pia. Alikaa peke yake, katikati ya mashabiki wa wapinzani, mikono kifuani. Kipindi cha pili akasimama akapaza sauti iliyosikika uwanja mzima: "Milka, kushoto kuko wazi, rudi!"

Mechi ilipokwisha aliondoka bila kumsalimu. Lakini barua hii imechapwa kwa ruhusa yake, na alitoa sharti moja tu, kwamba jina lake lisifichwe.

Milka sasa ananiuliza kama ile sauti ilikuwa msamaha.

Hapana, dada. Ile ilikuwa hoki. Msamaha ni wake, atautoa siku atakayopenda, nawe usimharakishe. Wewe rudi ukalinde kushoto.