Kwa Nini Sirudi Newala Mwaka Huu

Mchafukoge, Dar es Salaam

Mke wangu Mama Zuhura,

Assalamu alaykum. Sukari yako inasemaje? Na kile kidonda cha mguuni kimekauka, au bado unanificha? Mimi mwili mzima, moyo ndio mzito. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungelia, nami ningeshindwa kusema.

Unajua mwezi ujao natimiza miaka sitini na naachia kazi ya stoo ya vitenge. Tulishapanga nirudi, tumalizie nyumba, tupumzike. Basi wiki iliyopita karani wetu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: siku ninayostaafu, kadi za bima narudisha zote mbili, yangu na yako. Hiyo yako unayochukulia sindano.

Nikaenda ofisi moja ya bima ya kujilipia, huku upande wa Kariakoo. Binti wa pale akanipa shikamoo, akanipa na fomu. Ndani mna swali: mwenzi wako ana ugonjwa wa muda mrefu? Chilumba, mwenzangu wa stoo niliyekwenda naye, akaninong'oneza, "Andika hapana. Nani atajua?"

Mkono ukagoma. Nikamuuliza binti, "Nikiandika kisukari?"

"Tutampokea, baba. Ila matibabu ya kisukari yataanza baada ya mwaka mzima."

"Na nikificha?"

Akanitazama kwa huruma. "Hospitali wakigundua, kadi inafutwa."

Mwaka mzima! Nikamkumbuka marehemu dada yako, alivyokosa dawa, akakatwa mguu, na bado tukamzika. Fomu nikaikunja nikaitia mfukoni.

Kesho yake nikaingia kwa tajiri. Huyu nimemjua tangu akija stoo na sare za shule, analala juu ya marobota akimsubiri baba yake. Nikamwomba anibakize. Akasema, "Mzee Bakari, stoo nimeshampa mtu. Imebaki nafasi ya mlangoni, kukagua mifuko ya wateja."

"Na kadi?"

"Ukisaini miaka miwili, kadi zinabaki."

Nikasema ndiyo hata hajamaliza. Kisha nikaenda kujifungia chooni mpaka macho yalipokauka.

Mwezi ujao nakabidhi funguo nilizozishika miaka thelathini, nikakae kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Najua utasema bora nirudi tuumwe pamoja. Usiseme hivyo, Mama Zuhura. Nikasirikie utakavyo, ila sindano usiruke hata moja.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Kaka Hamisi, anayetulimia shamba, mwambie korosho aokote bila kunisubiri. Binti yetu Zuhura asikuache uende kliniki peke yako.

Ni mimi mumeo, bado niko Dar,
Bakari