Mafuta ya Baba Mkwe Yaliyoishia Kwenye Maandazi

Mpendwa Bi Simha, mshauri wetu,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nina miaka hamsini na tatu, nina kitambi kikubwa kuliko akili, na nimefanya jambo ambalo hata mke wangu Tsiona, aliyekwisha kunizoea, bado hajaambiwa. Baba mkwe wangu, Mzee Zekharia, tunakaa naye hapa Tiberia tangu macho yake yalipozima, na ni mtu ninayemshukuru kila siku, kwani alinipa binti yake wakati mtaa mzima ukiniona mzaha mtupu, akanifundisha kukamua zeituni, na msimu huu, kabla ya kuwaachia wapwa zake shamba, alisimamia ukamuaji wake wa mwisho akanikabidhi chupa moja kubwa nyeusi akasema, "Menashe mwanangu, haya ni ya taa za Hanuka. Usiyapeleke jikoni."

Nikayapeleka jikoni.

Si kwa ubishi, Bi Simha, ila mafuta ya alizeti nayo huwa nayamimina kwenye chupa nyeusi kama ile, na miwani nilikuwa nimeikalia, basi siku tatu za kwanza za sikukuu hii yetu ya siku nane nikakaanga maandazi yake kwa mafuta ya mzee, na kila jioni nikaongeza taa moja, nikaziwasha kwa alizeti huku nikisoma baraka kwa sauti ya kujivuna, mpaka jana nilipoinusa chupa ya jikoni nikakuta ni zeituni, tena imebaki glasi moja, na papo hapo mzee akauliza kutoka kitini kwake, "Zinawakaje, mwanangu?"

"Tulivu kabisa, baba. Mafuta yako hayana moshi."

"Mbona sisikii harufu yake?"

"Ni mafua hayo, baba."

"Labda pua nayo imestaafu," akasema, akacheka, kisha akaomba andazi la nne, yeye ambaye la pili humshinda, akalitafuna polepole akasema, "Leo nimekula nyumbani," akafuta macho.

Sasa je, baraka zangu zilikwenda bure, niwashe upya taa za siku zote tatu, na mzee nimwambie au nimwache na furaha yake, maana nikimwambia atadhani nimeichezea zawadi yake ya mwisho, na sina mtu mwingine wa kumwita baba?

Menashe, Tiberia

*

Menashe,

Keti, ila angalia kwanza juu ya kiti.

Kuhusu taa, pumua. Kwa Hanuka mafuta yote yanafaa na tambi zote za taa zinafaa, hata zile tunazozikataa kwa taa za Sabato. Zeituni hupendelewa kwa sababu mwanga wake ni safi, lakini si sharti. Ulichowasha kilikuwa taa, ulichosoma kilikuwa baraka. Usirudie kitu. Natumaini tu hukuniandikia kwa mwanga wa taa hizo, maana ni za kutazamwa, si za kufanyia kazi, na mtu asiye na miwani namshuku.

Kuhusu yale mafua, sikuonei huruma. Mzee asiyeona alikuuliza, ukamdanganya, kisha ukaisingizia pua yake.

Lakini hebu isome tena barua yako. Mtu aliyekamua zeituni maisha yake yote anakosa harufu yake kwenye taa, halafu anaomba andazi la nne na kusema amekula nyumbani. Unadhani na ulimi wake umestaafu? Anajua, Menashe. Anakungoja wewe tu.

Ijumaa tumia alizeti bila haya, ila jaza zaidi, kwa kuwa Sabato ikiingia hatuwashi moto, hivyo mtawasha jua likiwepo, na taa zinatakiwa kuwaka hadi nusu saa baada ya giza kuingia. Na uwashe kabla Tsiona hajawasha za Sabato. Ile glasi moja ifiche mbali na jikoni mpaka usiku wa nane wa sikukuu, uwashie taa zote nane. Mpe mzee pamba asokote tambi zote nane mwenyewe. Vidole vyake bado vinaona.

Na leo, kabla hujawasha chochote, kaa karibu naye umwambie, "Baba, mafuta yako tuliyala. Nisamehe, na asante." Habari za miwani usizitaje. Kisha msogezee sahani ya maandazi, uone kama hatachukua la tano.

Bi Simha